Uchi Mbele ya Kamera: Mpaka wa Sanaa na Picha Chafu Uko Wapi?

Februari 2014 Rais Yoweri Museveni alitia saini Sheria ya Kupinga Ponografia ya Uganda. Sheria hiyo haikutaja sketi, lakini mitaani watu waliisoma kwa namna yao. Wanawake waliovaa nguo fupi walizomewa, na baadhi yao wakavuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume waliodai kwamba wanatetea maadili. Yaani utupu ulipigwa vita kwa kuwaacha watu utupu. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vikuu vya sheria hiyo. Hoja kubwa ilikuwa kwamba tafsiri yake ya ponografia ni pana na haishikiki, kiasi kwamba raia hawezi kujua mapema lipi ni kosa na lipi si kosa.

Uganda haiko peke yake. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha ponografia, kisha kinaweka fungu la pili la ponografia iliyo chafu au ya kuamsha ashiki, kana kwamba ipo nyingine isiyokuwa hivyo. Huku nje ya mahakama mzozo hauishi. Mwanamitindo akiweka picha inayoonyesha mwili kuliko ilivyozoeleka, kabla jua halijazama watu wameshagawanyika: hawa wanasema sanaa, wale wanasema uchafu, na wengine wanauliza mbona picha ya namna hiyohiyo imetundikwa kwenye jumba la makumbusho Ulaya na watu wanalipa kiingilio kuitazama.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na maswali matatu yanayoulizwa kwa pumzi moja. Je, picha hii ina thamani ya kisanaa? Je, inafaa kuonyeshwa, wapi na kwa nani? Je, kuna mtu aliyedhulumiwa ili ipatikane? Picha moja inaweza kujibu ndiyo kwa swali la kwanza na kuanguka vibaya kwenye la tatu. Makundi yanayobishana mara nyingi kila moja limeshika swali lake na kudhani wenzake wanajibu hilohilo.

Kamera na mwili wa kweli

Mchoraji anaweza kubuni mwili kutoka kichwani, akachukua bega la mtu huyu na nyonga ya yule, akampachika jina la mungu wa Kiyunani na kazi ikapita. Kamera haina nafasi hiyo. Ili picha ipatikane, lazima mtu fulani, mwenye jina na ndugu, alivua nguo mahali fulani siku fulani. Ndiyo maana tangu upigaji picha ulipotangazwa Paris mwaka 1839, utupu kwenye picha umesumbua kuliko utupu kwenye turubai.

Wafaransa walilitambua hilo mapema. Katika miaka ya 1850 picha za watu walio uchi ziliruhusiwa kuuzwa kwa wasanii kama vielelezo vya kujifunzia kuchora. Mchoraji Eugène Delacroix alizitumia, na mwaka 1854 alishirikiana na mpiga picha Eugène Durieu kupanga mikao ya modo. Picha ileile ikiwekwa kwenye dirisha la duka, polisi walikuja. Hakuna kilichobadilika kwenye karatasi. Kilichobadilika ni mkono ulioishika.

Uingereza nako mambo yalikuwa hivyo. Mwaka 1857 Oscar Rejlander alionyesha Manchester picha kubwa iliyounganishwa kutoka negativu zaidi ya 30, ikilinganisha maisha ya bidii na maisha ya anasa. Upande wa anasa ulikuwa na watu walio uchi. Malkia Victoria alinunua nakala yake. Picha hiyo ilipofika Edinburgh, upande huo ulifunikwa. Kilichokubalika kwa malkia kiliwashinda wanachama wa chama cha wapiga picha cha huko.

Kwa msomaji wa Afrika kuna sura nyingine ya historia hii, na inauma zaidi. Mwaka 1896 jarida la National Geographic lilichapisha picha ya bibi harusi na bwana harusi wa Kizulu, mwanamke akiwa kifua wazi. Kwa miongo mingi iliyofuata vifua vya wanawake wa Afrika na visiwa vya Pasifiki viliingia kwenye sebule za Wamarekani waliojiheshimu kwa jina la elimu, wakati kifua cha Mmarekani mweupe kingelipeleka jarida hilo mahakamani. Jarida lenyewe lilikuja kukiri mwelekeo huo mwaka 2018, baada ya kumpa mwanahistoria John Edwin Mason kazi ya kupekua maktaba yake. Na kwenye pwani yetu, studio za Zanzibar kama za A. C. Gomes na ndugu Coutinho ziliuza postikadi za wanawake wa pwani kwa abiria wa meli, na waliopigwa mara nyingi walitajwa kwa kabila tu, bila jina. Kwa hiyo tangu mwanzo suala halikuwa ngozi kiasi gani inaonekana. Lilikuwa pia ngozi ya nani.

Mpiga picha mmoja, kesi tatu

Hakuna mpiga picha aliyeupima mpaka huu kama Mmarekani Robert Mapplethorpe, aliyefariki kwa UKIMWI Machi 1989 akiwa na miaka 42. Alipiga maua, sura za watu mashuhuri, miili ya wanaume, na pia picha za vitendo vya ngono vya mateso ya hiari miongoni mwa mashoga wa New York. Zote alizipiga kwa namna moja: mwanga wa studio uliopangwa kwa makini, mandhari tupu, mlingano mkali. Ua la yungiyungi na mtu aliyefungwa kamba walipata heshima ileile ya lenzi yake, na hilo ndilo lililowachanganya watu.

Maonyesho ya kazi zake yalifunguliwa Philadelphia mwishoni mwa 1988. Kwa kuwa yalikuwa yamepata dola 30,000 za mfuko wa serikali wa sanaa, Seneta Jesse Helms aliyageuza kuwa hoja ya kitaifa, na Juni 1989 jumba la Corcoran mjini Washington likayafuta kabla hayajaanza. Wasanii walijibu kwa kumulika picha hizo kwa projekta kwenye ukuta wa nje wa jumba hilo, usiku.

Aprili 1990 maonyesho yalifika Cincinnati, Ohio. Siku ya ufunguzi, mkurugenzi wa kituo cha sanaa, Dennis Barrie, pamoja na kituo chenyewe walishtakiwa. Kati ya picha 175, saba ndizo zilizopelekwa mahakamani: tano za wanaume na mbili za watoto. Hakimu aliamua kwamba hizo saba zitazamwe peke yake, zikitengwa na nyingine. Upande wa mashtaka uliamini picha zitajisemea, ukaleta polisi na shahidi mtaalamu mmoja tu. Utetezi ulileta wasimamizi wa majumba ya sanaa waliosimama kizimbani na kueleza mistari, vivuli na mlingano wa picha ambazo watu wengi wangezitazama kwa kificho. Wajumbe wa juri, wanaume wanne na wanawake wanne, wengi wao si watu wa kwenda makumbusho. Picha hawakuzipenda. Lakini sheria ya Marekani, kwa kipimo cha Mahakama Kuu katika kesi ya Miller ya mwaka 1973, inadai kazi iwe imekosa kabisa thamani ya dhati ya kisanaa, kifasihi, kisiasa au kisayansi ndipo iitwe chafu, na hakuna aliyewathibitishia kwamba thamani hiyo haipo. Oktoba 1990 waliwaachia washtakiwa huru.

Miaka michache baadaye, Birmingham, Uingereza, mwanafunzi alipiga nakala za kurasa za kitabu cha Mapplethorpe kwa ajili ya utafiti wake, akapeleka filamu kusafishwa. Aliyesafisha akawaita polisi, na polisi wakachukua kitabu cha maktaba ya chuo kikuu, wakataka kurasa husika ziharibiwe. Chuo kiligoma, na mwaka 1998 waendesha mashtaka wakaamua kutofungua kesi. Japani nako, mwaka 1999, maofisa wa forodha wa uwanja wa Narita walimnyang'anya mchapishaji Takashi Asai kitabu cha Mapplethorpe alichokuwa akirudi nacho nchini, kitabu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekichapisha Japani na kukiuza. Februari 2008 Mahakama Kuu ya Japani ilisema kitabu hicho si kichafu, kwa sababu kikitazamwa chote kwa pamoja ni mkusanyiko wa kazi za msanii.

Angalia njia zilizotumika. Cincinnati picha zilitengwa na maonyesho, Tokyo zilisomwa ndani ya kitabu kizima, Birmingham hazikufika hata mbele ya hakimu. Matokeo yalifanana, lakini sababu hazikufanana, na ndiyo maana hakuna kesi kati ya hizo iliyomaliza ubishi.

Hoja ya maadili ya jamii

Wanaoshikilia hoja hii wanasema jamii ina haki ya kuamua nini kionekane hadharani. Nguvu yake ni ya kawaida kabisa: bango la barabarani halichagui mtazamaji. Mtoto anayesubiri daladala hana namna ya kufumba macho kila asubuhi, na mzee aliyekaa na wakwe zake ana haki ya kutoaibishwa na televisheni yake.

Waswahili na majirani zao walilijua hili kabla ya kamera. Unyagoni kungwi humfundisha mwali mambo ya mwili na kitanda bila kumung'unya maneno, kwa nyimbo na kwa viuno. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alisifika kwa kazi hiyo kama alivyosifika kwa taarabu. Wazaramo walimpa mwali mwana hiti, kisanamu cha mti chenye umbo la mwanamke. Wamakonde wana kinyago cha kiwiliwili chenye matiti na tumbo la mimba, ambacho huvaliwa na mwanamume anayecheza. Anayesema kwamba kuonyesha mwili waziwazi hakumo katika utamaduni wetu amesahau nusu ya utamaduni huo. Kilichokuwepo ni mpangilio: nani aingie, umri gani, jinsia gani, msimu gani, na nini kibaki ndani. Yale ya unyagoni yakisemwa sokoni ni matusi, wala hakuna kungwi atakayebisha.

Udhaifu wa hoja hii unaanza pale inapokabidhiwa kwa sheria. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, cha 175 cha Tanzania na cha 166 kilichokuwa Uganda vilirithiwa kutoka kwa mkoloni, na vinabeba wazo la jaji wa Kiingereza katika kesi ya Hicklin ya mwaka 1868: kazi ipimwe kwa uwezo wake wa kuwapotosha wale ambao akili zao ni rahisi kupotoshwa. Kwa kipimo hicho nchi nzima huwekwa chini ya macho ya mtu dhaifu kuliko wote. Uingereza yenyewe iliweka mwanya mwaka 1959, ikikubali utetezi kwamba kazi ina faida kwa sanaa au elimu. Huku kwetu kanuni kongwe ziliendelea, na leo zinatajwa kwa jina la mila za Kiafrika.

Kuna pia swali la nani anaisemea jamii. Mwaka 2009 Waziri wa Sanaa na Utamaduni wa Afrika Kusini, Lulu Xingwana, aliondoka kwenye maonyesho ya Constitution Hill, Johannesburg, baada ya kuona picha za Zanele Muholi za wanawake wakiwa wamekumbatiana. Alisema ni kazi isiyo na maadili na inayopinga ujenzi wa taifa. Waliopigwa picha hizo nao ni sehemu ya jamii aliyodai kuisemea, na lengo la Muholi lilikuwa kuonyesha kwamba wapo, katika nchi ambayo wanawake wa aina yao walikuwa wakibakwa na kuuawa.

Hoja ya usanii

Hoja ya pili inatazama kazi yenyewe. Kenneth Clark, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu mwili uchi katika sanaa ya Ulaya, alitenganisha mtu aliyevuliwa nguo tu na mwili uliogeuzwa kuwa umbo. Edward Weston ni mfano mzuri: pilipili hoho aliyoipiga mwaka 1930 ina mikunjo na mwanga kiasi kwamba mtu huona mgongo na mabega, na miili ya watu aliyoipiga ina utulivu wa tunda. Kwa hoja hii, ponografia ina kazi moja tu, kuamsha ashiki. Ikishaifanya, picha imekwisha. Sanaa humrudisha mtazamaji mara ya pili kwa sababu nyingine.

Ni hoja nzuri, na inafaa kwa mhakiki. Kama kipimo cha mwisho, ina nyufa. Kwanza inajifanya kwamba sanaa haiamshi kitu. Anayedai hakuhisi lolote mbele ya picha nzuri ya mwili ama ni mtakatifu ama hasemi kweli, na wachoraji wa Ulaya walioifanya kazi hiyo kwa wafalme walijua vizuri mteja anataka nini. Pili, inalipa jumba la sanaa kazi ya dobi: kitu chochote kikipita pale kinatoka kimeng'aa. Picha ya Mapplethorpe ya mwaka 1980 ya mwanamume mweusi aliyevaa suti ya polista iliuzwa na Sotheby's mwaka 2015 kwa dola 478,000. Bei hiyo inatuambia hali ya soko la sanaa. Kuhusu mpaka wetu haisemi kitu.

Tatu, na ndilo zito zaidi, ubora wa kazi hauponyi dhuluma iliyoizaa. Tutarudi hapo.

Hoja ya jicho

Itazame kwa karibu hiyo picha ya suti. Fremu inaanzia kifuani na kuishia mapajani. Koti na kizibao chake vimekaa, mikunjo ya kitambaa cha bei rahisi inaonekana vizuri, mikono imelegea pembeni. Zipu iko wazi na uume umetoka nje. Kichwa hakipo; kimekatwa na ukingo wa picha. Mhakiki Kobena Mercer, Mwingereza mwenye asili ya Afrika, aliandika mwaka 1986 kwamba picha za namna hii zinarudia ndoto kongwe ya mzungu, ile inayompunguza mwanamume mweusi mpaka abaki kiungo kimoja. Miaka michache baadaye, Mapplethorpe akiwa amekufa na Helms akiwa jukwaani, Mercer aliirudia hoja yake na kuilegeza: picha hizohizo pia ziliwapa watu weusi urembo na ukuu ambao sanaa ya Magharibi ilikuwa imewanyima. Naye msanii Glenn Ligon alikipanga kitabu kizima cha picha hizo ukutani, akaweka katikati maoni ya watu mbalimbali kuzihusu. Naiona kazi ya Ligon kuwa jibu lenye akili kuliko yote yaliyotoka katika ubishi ule, kwa sababu haikuficha picha wala haikuiacha iseme peke yake.

Hoja ya jicho inauliza nani anatazama na nani anatazamwa. John Berger aliieneza mwaka 1972, akionyesha kwamba mwanamke katika picha za Ulaya amepangwa kwa ajili ya mtazamaji mwanamume aliyesimama nje ya fremu. Wanaharakati Catharine MacKinnon na Andrea Dworkin waliisukuma hadi kwenye sheria. Waliandika kanuni za kuitambua ponografia kama ukiukaji wa haki za wanawake, zikapitishwa Minneapolis mwaka 1983, ambako meya alizikataa, na Indianapolis mwaka 1984, ambako mahakama za shirikisho zilizitupa.

Hoja hii ndiyo pekee inayoweza kueleza kwa nini ile picha ya National Geographic ni tatizo ingawa haina ashiki yoyote. Lakini ikigeuzwa sheria hutoka mikononi mwa wenyewe. Mahakama Kuu ya Kanada iliikubali kwa kiasi kikubwa katika kesi ya Butler mwaka 1992, ikapima uchafu kwa madhara badala ya maadili. Miongoni mwa wa kwanza kuandamwa baada ya hapo lilikuwa duka la vitabu la mashoga na wasagaji mjini Toronto, Glad Day. Silaha iliyofuliwa kuwalinda wanyonge ilishikwa na dola, na dola ikaielekeza kwa wanyonge wengine. Hili halifanyi hoja kuwa ya uongo. Linaonyesha kwamba inafaa zaidi kalamuni mwa mhakiki kuliko kwenye mikono ya polisi.

Hoja ya ridhaa

Hoja ya nne inamtazama mtu aliyesimama mbele ya kamera. Alikubali? Alikubali nini hasa? Alikuwa na uwezo wa kukataa?

Mfano unaoifungua vizuri ni wa Nobuyoshi Araki, mpiga picha wa Kijapani aliyesifiwa duniani kote kwa picha za wanawake, nyingi wakiwa wamefungwa kamba. Aprili 2018 KaoRi, aliyekuwa modo wake kuanzia 2001 hadi 2016, aliandika kwamba muda wote huo hakukuwa na mkataba, kwamba picha zake zilitumika na kuuzwa bila kuulizwa, na kwamba alipolalamika hakusikilizwa. Picha zilikuwa zimeshatundikwa kwenye makumbusho makubwa. Hakuna mhakiki anayeweza kuzitazama na kuyasoma hayo ndani yake, kwa sababu dhuluma ya aina hii haionekani kwenye karatasi.

Nguvu ya ridhaa ni kwamba inaulizika na inajibika. Mahakama inaweza kuangalia mkataba, ujumbe wa simu, ushahidi. Haimwombi hakimu awe mhakiki wa sanaa wala shehe. Inatenganisha pia mambo yanayofanana kwa macho: picha aliyoagiza mwanamke mwenyewe studio, na picha ileile iliyorushwa na mchumba wa zamani.

Udhaifu upo. Ridhaa ya mtu mwenye njaa ni ridhaa nyembamba. Binti anayehitaji kodi ya chumba husaini karatasi yoyote. Na ridhaa ya mtoto haipo kabisa, hata mzazi akisaini. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya New York ilimkatalia mwigizaji Brooke Shields ombi la kuzuia picha alizopigwa akiwa na miaka 10, kwa sababu mama yake alikuwa ametia saini. Mwaka 2009 jumba la Tate Modern mjini London liliondoa kazi iliyotokana na mojawapo ya picha hizo baada ya kushauriwa na polisi. Idhini ya mzazi ilikuwa pia kinga ya zile picha mbili za Cincinnati, na hapo utetezi ule, kwa maoni yangu, ulikuwa dhaifu kuliko ulivyoonekana. Mzazi anaweza kumruhusu mtoto mambo mengi; mwili wa mtoto haumo.

Tena ridhaa haisemi chochote kuhusu mtazamaji asiyetaka kuona. Hapo tunairudia hoja ya kwanza, ile ya bango na daladala.

Simu imebomoa kuta

Hoja zote nne zilitungwa wakati picha ilikaa mahali: dukani, kitabuni, ukutani, unyagoni. Simu imeondoa mahali. Picha iliyopigwa kwa ajili ya maonyesho ya watu 60 inapigwa skrinishoti, inaingia kwenye kundi la ukoo, na kesho iko kwenye statasi ya mtu asiyejua ilitoka wapi. Mpangilio wa kungwi umevunjika hata kwa picha zilizopigwa kwa heshima zote.

Aliyechukua nafasi ya kungwi ni programu ya kampuni ya Marekani au China, na kazi hiyo anaifanya vibaya. Mwaka 2016 Facebook ilifuta picha maarufu ya mwaka 1972, ya mtoto wa Vietnam akikimbia huku nguo zimeungua kwa napalmu, kwa sababu mtoto yuko uchi. Ilirudishwa baada ya mhariri wa gazeti la Aftenposten na Waziri Mkuu wa Norway kupaza sauti. Mwaka 2021 akaunti ya TikTok ya jumba la Albertina, Vienna, ilifungwa kwa kuonyesha picha za Araki, na baadaye mwaka huohuo bodi ya utalii ya jiji ikahamishia kazi za makumbusho yake OnlyFans, mtandao unaojulikana kwa ngono, kwa kuwa ndiko zilikokubaliwa. Programu huhesabu ngozi. Haijui historia wala ridhaa.

Na sasa akili mnemba inatengeneza utupu bila mwili: uso ni wa mtu wa kweli, kiwiliwili ni cha kubuni. Wazo letu la awali, kwamba kamera inahitaji mtu aliyevua nguo, halishiki tena. Mwenye uso hakuvua kitu na bado amevuliwa. Hapa ubishi wa umbo, mwanga na mlingano hauna msaada wowote, wakati swali la ridhaa linajibika papo hapo.

Kwenye mizani

Kwa jinsi ninavyoyaona mambo haya, kosa kubwa ni kumwachia hakimu swali la sanaa na kumwachia mhakiki swali la dhuluma. Sheria ingebaki na mambo matatu yanayothibitika: umri, ridhaa, na mahali pa kuonyeshea. Mengine yote, kama picha ni nzuri, ya kitoto, ya kudhalilisha kabila au jinsia, au ni ashiki iliyovikwa fremu ya dhahabu, ni ya mhariri, msimamizi wa maonyesho, mwandishi na mtazamaji. Hao wabishane kwa ukali wanaotaka.

Gharama ya mpango huo ni wazi. Picha nyingi mbaya na za kuchefua zitapita, ilimradi waliomo ni watu wazima waliokubali na hazikuwekwa machoni pa wasiozitaka. Anayeona gharama hiyo ni kubwa mno ana hoja, ila aseme pia nani atashika kalamu ya kukata, na aitazame Kampala ya 2014 kabla hajajibu.

Sheria zetu ziko mbali na hapo. Kifungu cha 37 cha sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 kinakaribia, kwa kuwa kinamwadhibu anayesambaza picha ya faragha au chafu ya mtu mwingine. Lakini ridhaa hakikuiandika waziwazi, kwa hiyo kikisomwa neno kwa neno, mpiga picha mwenye mkataba uliosainiwa anaweza kusimama kizimbani pamoja na mwanamume anayelipiza kisasi. Kile cha Tanzania kinatazama kilichomo kwenye picha na kitendo cha kuchapisha, aliyepigwa hakumo.

Chukua kipimo cha yale maswali matatu ya mwanzo, uyapitishe humo mambo tuliyoyataja. Suti ya polista inapita kwenye sheria, kisha inabaki kwa wahakiki, na huko Mercer wa kwanza na Mercer wa pili wote wana la kusema. Picha za Araki za KaoRi zinaweza kubaki kazi kubwa kwenye historia ya upigaji picha, na bado KaoRi akawa na haki ya kudai zishushwe au alipwe. Postikadi na ile picha ya 1896 hazina wa kushtakiwa tena. Jumba linalozionyesha leo lieleze chini yake nani alipiga, kwa ajili ya nani, na kwamba jina la aliyepigwa halikuandikwa. Na ile picha ya faragha iliyovujishwa wiki iliyopita, ambayo mtandao mzima unabishana kama mwenyewe kajidhalilisha ama la, haina ubishi wa sanaa ndani yake. Wa kutafutwa ni aliyeivujisha.